Maiti wa Sura ya Tatu

Jumatatu, 4 Machi

Tumerudi kutoka kliniki. Miguu inaniwaka moto, na wala si mimi mgonjwa! Daktari wa moyo ni kijana wa sauti ya chini. Katueleza taratibu: moyo una milango, mmoja wa Refa haufungi sawasawa, damu inarudi ilikotoka. Lazima ubadilishwe. Alazwe Jumanne ya tarehe 19, apasuliwe kesho yake asubuhi. Refa akauliza kama huo mlango mpya unakuja na ufunguo wake. Daktari hakucheka. Refa akanigeukia mimi. Na mimi sikucheka.

Mume wangu huyu! Mtaa mzima wanamwita Refa kwa sababu ya mechi za Jumamosi, nami nikafuata mkumbo.

Mhariri kapiga simu tukiwa bado kwenye foleni ya dawa. Katoa pole nyingi, halafu: sura ya tatu iko wapi? Anayo ya kwanza, ya pili, ya nne na ya tano. Ya tatu ndiyo ya maiti. Nikasema inakuja. Uongo mtupu.

Wifi naye kaingia na begi lake, atakaa mpaka kaka yake apone. Ameshapanga upya sufuria zangu. Sina nguvu ya kugombana. Nalala.

Jumatano, 6 Machi

Nimekaa mezani tangu chai ya asubuhi. Nimeandika "Maiti alikuwa amelala", nikafuta. Nimeandika "Maiti alikutwa", nikafuta.

Watu hudhani kazi ngumu kwenye vitabu vyangu ni muuaji. Muuaji rahisi! Mji mdogo, kila mtu anamjua mwenzake, Bi Miwani, mpelelezi wangu, anatengeneza miwani ya watu huku anachokonoa mambo yao, na mwisho mwenye kosa anajulikana. Kazi ni maiti. Kalalaje? Nani anamwona kwanza? Huyo aliyesimama mlangoni anaona nini, haoni nini? Ukikosea hapo, kitabu chote kinapinda. Na mimi kichwani sioni kitu. Lazima nione kwa macho. Kwa hiyo Refa hulala sakafuni.

Nani alinifundisha? Hakuna. Nilikuwa fundi kwenye duka la miwani. Mteja mmoja akasahau kitabu cha upelelezi, kurasa za mwisho zimenyofoka. Nikataabika! Kila aliyekuja kupima macho nilimuuliza kama anajua nani kaua. Mwisho nikajiandikia mwenyewe, nyuma ya karatasi tulizofungia miwani. Refa akasoma kitandani, akasema haiwezekani, mtu akianguka hapo mpishi angemwona tangu mlangoni. Nikambishia. Akainuka, akajilaza kati ya kitanda na kabati, ulimi nje. Haya, nenda mlangoni utazame! Nikaenda. Alikuwa sahihi. Nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Tangu siku ile kila kitabu maiti ni yeye. Na ana maringo na hiyo kazi! Anasema maisha yake yote ya filimbi ameona wachezaji wakijiangusha, kwa hiyo anajua kuanguka kwa kweli. Mtu aliyeanguka kweli hachagui pa kuweka mkono.

Sasa nitamwambiaje alale chini?

Ijumaa, 8 Machi

Aibu! Aibu yangu yote!

Refa kalala, wifi kaenda sokoni. Nikaona ndiyo nafasi. Nikachukua mito, nikaivalisha koti lake na suruali yake, nikailaza sebuleni, kichwa nikaweka sufuria. Nimesimama mlangoni na kalamu, mara wifi huyu hapa nyuma yangu. Kelele alizopiga! Mayai yote chini.

Alipoona ni mito ndipo akawaka kweli. Kumbe ndiyo kazi yako hii, wifi? Unamchuria kaka yangu mchana kweupe! Nikamwambia ni kitabu tu. Akasema mdomo huumba, sembuse mtu unayemlaza chini kama mfu mwaka baada ya mwaka. "Umemuua kitabu hadi kitabu, leo moyo umechoka unashangaa nini?"

Nilipiga magoti nikaokota maganda ya mayai.

Siamini mambo hayo. Nimesema siamini. Lakini nilipolivua lile koti kwenye mito nililivua haraka, na lilikuwa na harufu yake.

Jumapili, 10 Machi

Refa kapumzika njiani kutoka chumbani hadi sebuleni. Sebule iko hapo tu! Miguu imevimba, soksi zinamwachia alama. Wifi kampikia uji bila chumvi, kaunywa bila kulalamika, na hilo ndilo lililonitisha.

Sijaandika hata neno.

Jumanne, 12 Machi

Nimepata ufumbuzi: hakuna maiti. Kuna mkufu umeibwa! Bi Miwani anautafuta sura nzima, anaukuta ndani ya kopo la sukari. Mimi mwenyewe niliyeandika nimesinzia. Nikamtumia mhariri. Kajibu kuwa ni safi, ila wasomaji huenda wakauliza. Huyu akisema safi, ujue pameoza.

Refa kaiokota mezani bila kuulizwa. Yeye ndiye msomaji wangu wa kwanza siku zote. Kasoma miwani imemshukia puani, nami najifanya nakunja nguo.

"Maiti yuko wapi?"

Nikasema safari hii hakuna.

"Nimeachishwa kazi?"

Nikacheka kicheko cha kulazimisha. Akazipanga karatasi vizuri, akazirudisha mezani, akageukia ukutani. Walipomwambia umri umepita na filimbi aiache, alilala hivihivi, uso ukutani, mpaka jioni.

Wifi aliona. Alinikata jicho kama mimi ndiye nimemtoa uwanjani.

Alhamisi, 14 Machi

Foleni ya dawa tena. Muuza dawa kaniangalia, kaangalia pembeni, kaniangalia. Wewe si ndiye wa Bi Miwani? Picha yangu kaiona nyuma ya jalada. Nilivyokuwa nimefunga kitambaa ovyo, nilitamani sakafu ipasuke.

Mama mpole sana. Anasema alivisoma vyote akiwa anamuuguza mama yake hospitalini. Nikamuuliza kwa nini uchague habari za kuuana, na uko na mgonjwa? Akasema hiyo ndiyo raha yake: kwenye vitabu vyangu mtu anakufa na hakuna anayelia. Alikuwa anapumzika humo.

Nikamshukuru. Maneno yake nimerudi nayo nyumbani pamoja na dawa.

Ni kweli. Hakuna anayelia, na nimepanga mimi. Siku zote namchagua mtu asiyependwa: mwenye nyumba bahili, mmbea, wakili mla rushwa. Msomaji lazima aweze kunywa chai yake maiti akiwa pale chini. Wote hao alikuwa Refa, na nikisimama mlangoni nilimwona mwenye nyumba bahili, kweli nilimwona! Siku hizi nikimtazama hata akiwa amekaa tu kwenye kochi, namwona mume wangu. Ndiyo maana kalamu imegoma. Wala si uchovu, ingawa nimechoka mpaka kwenye mifupa.

Jumamosi, 16 Machi

Nilikuwa namkata kucha za miguu barazani. Mwenyewe hawezi kuinama, pumzi inakatika. Ghafla akaniambia kwamba siku ile ya mito alisikia kila kitu. Dada yake akisema, hata majirani wanasikia.

"Wewe unaamini?"

Nikasema siamini.

"Basi unaogopa nini?"

Nikajifanya nashughulika na kucha. Kidole kidogo, kile kigumu.

"Mimi naogopa," akasema. Kasema kwa sauti yake ya uwanjani, ile ya kumtolea mtu kadi, hataki ubishi. Anaogopa kisu. Anaogopa ile dawa ya usingizi kuliko kisu chenyewe, kwamba atahesabu na asifike mwisho. "Lakini sakafu siiogopi. Mimi na sakafu tumezoeana."

Nikamwambia anyamaze, nitamkata.

"Ukiwa mlangoni na kalamu yako unanitazama vizuri. Unacheka. Siku hizi unanitazama kama unaangalia dawa imebaki kiasi gani kwenye chupa."

Nililia palepale, mkasi mkononi, mguu wake mapajani. Hakunibembeleza. Aliniacha nilie mpaka nikamaliza, halafu akauliza leo tunakula nini.

Nampenda mtu huyu. Nimeandika hapa kwa sababu mdomoni halikutoka.

Jumatatu, 18 Machi

Nimefua, nimepiga pasi, nimepanga begi. Nani anapigia pasi pajama za hospitali? Mimi.

Mhariri kapiga simu. Kasema nisijali kuhusu sura, nimhudumie kwanza mgonjwa. Kisha akauliza kama mwisho wa mwezi itawezekana.

Wifi kaniletea chai mezani bila kuombwa. Kaiweka, kaondoka. Sukari ilizidi. Nimeinywa yote.

Jumanne, 19 Machi

Naandika nikiwa nimekaa chini jikoni. Niandike haraka.

Teksi iliitwa asubuhi hii, wodini wanatusubiri kabla ya adhuhuri. Nilikuwa chumbani natafuta ndala zake. Nikasikia kishindo jikoni. Nikakimbia. Nikiwa bado mlangoni nikaona miguu yake sakafuni, na kikombe kinabingirika.

Nilipiga kelele jina lake. Si Refa, jina lenyewe, lile la kwenye cheti cha ndoa, sijui nimelitoa wapi baada ya miaka yote hii. Nikajitupa pale chini. Uso umegeukia kabati, mkono mmoja umelaliwa na kifua. Nikamgeuza shingo.

Jicho moja likafunguka.

"Unaniharibia," akasema. "Rudi mlangoni." Akaugeuzia uso kabati tena.

Nilimpiga! Mgonjwa wa moyo, nimempiga kwa kitambaa cha vyombo, begani, mgongoni, nalia, namtukana matusi ambayo hata hapa siyaandiki. Yeye anacheka na pumzi haimtoshi. Kumbe kishindo kilikuwa cha kigoda, alijilaza polepole kisha akakisukuma kwa mguu. Kujiangusha hathubutu, si mjinga. Sakafu ya baridi vile! Nikamwambia inuka. Akasema kazi kwanza.

Wifi keshafika, kajishikiza mlangoni, mkono kifuani. Nikasubiri aanze. Uchuro, mdomo huumba, yote. Nilimwona anameza mate. Akamtazama kaka yake pale chini, akanitazama na kitambaa changu. Halafu, kwa kununa:

"Mimi kutoka hapa uso siuoni. Naona soksi na hicho kikombe tu."

Nikamgeukia.

"Rudia, wifi."

"Soksi na kikombe. Kichwa kimezibwa na meza. Angekuwa mtu mwingine nisingejua."

Nikasimama palepale aliposimama. Kweli! Soksi na kikombe! Basi anayefika mlangoni hawezi kujua ni nani kalala. Na mmoja atakayefika pale atapiga kelele jina la marehemu. Jina sahihi, kabla hajauona uso! Bi Miwani atasikia, atakaa kimya, atalikumbuka mpaka sura ya mwisho. Na atajiuliza kwanza, kama ninavyojiuliza mimi sasa: alijua kwa sababu kaua, au kwa sababu anampenda? Mimi nimeita jina na nilikuwa nimeona soksi tu. Safari hii maiti wangu atapendwa. Safari hii kuna atakayelia, na Bi Miwani itabidi atofautishe kilio na kilio. Kitabu chote kimefunguka nikiwa nimeshika kitambaa cha vyombo.

Nilicheka. Refa alisikia.

"Umempata?"

Nikasema nimempata. Sasa inuka, mzee, teksi inakuja.

"Nani kaniua?"

Hajawahi kuuliza. Vitabu vyote vile, hajawahi! Huyu ndiye anayeziba masikio nikianza kujisemea nikiandika. Huyu ndiye aliyemnyang'anya dada yake kitabu kwa kuchungulia mwisho. Nikamwambia utasoma mwenyewe ukirudi.

"Niambie sasa."

Nikasema ukirudi.

"Niambie, kisha nainuka."

Alikuwa analiambia kabati, uso hajaugeuza. Haikuwa sauti ya mzaha. Wifi akaniangalia, akashusha macho.

Nimekaa kando yake. Nimechukua daftari hili kwa sababu lilikuwa mezani na mikono ilitaka kushika kitu. Anadhani naandika mkono ulivyokaa. Mkono wake mwingine nimeushika, una baridi ya sakafu.

Teksi inapiga honi. Wifi katoka kumwambia dereva asubiri kidogo. Namsikia anasema mgonjwa anavaa viatu.

Muuaji namjua. Jina liko hapa kwenye ulimi. Nikimwambia, kitabu kwake kimekwisha, hana alichoacha huku nje cha kumrudisha nyumbani. Nisipomwambia, halafu kesho—

Honi tena.

Kauliza tena. Polepole, bila kugeuka.