Nilichokuwa Naking'oa Kaburini Kwako

Mama yangu, shikamoo. Najua marahaba haitakuja, lakini siwezi kuanza vingine.

Kibanda chako cha mito hapa Kariakoo bado kipo. Siku hizi nachambua sufi peke yangu, na upepo ukivuma inaruka mpaka kwenye vitenge vya Mangi, jirani yetu. Unakumbuka alivyokuwa anakuja juu? Ukamwambia, huku ukicheka, kwamba sufi ni nguo ya safari ya mbegu, ila sisi tumeipora tukaijaza kwenye mito. Sasa anaipangusa kimya kimya, kisha ananiletea chai.

Nimeandika kukuomba radhi.

Tangu tukuzike kule Kigamboni, kila Ijumaa nilivuka na jembe dogo. Nilipalilia kaburi lako mpaka likawa tupu kama uwanja uliofagiliwa. Watu wakanisifu, nami nikavimba kichwa. Kaka Salumu akataka kumleta fundi alijengee na kuliwekea vigae, kisiote kitu tena. Nikakubali.

Ijumaa iliyopita, nikiwa kwenye pantoni narudi, mwanamke aliyesimama pembeni yangu alitazama pindo la baibui langu akasema, "Dada, umebeba shamba zima." Mbegu za kishona nguo zilikuwa zimening'ang'ania. Nikawa nazibandua mojamoja, na kabla hatujafika Magogoni nikakumbuka ulichosema wiki ile ya mwisho: "Msinijengee. Popo na upepo wataniletea wanachokijua wao."

Tulidhani ni homa inasema. Haikuwa homa, Mama. Ulijua unachotaka, na mimi nimekuwa nakung'olea kila wiki. Hata ule mche wa mwarobaini uliochipua upande wa kichwa chako niliung'oa. Hakuna mwarobaini pale karibu. Bila shaka popo alibeba tunda kutoka mbali, akala nyama yake, akaangusha kokwa hapo kwako. Safari yote hiyo, mimi nikaimaliza kwa pigo moja la jembe. Nililia mbele ya abiria wote, sikuona aibu.

Jioni ile ile nilimwambia Kaka asimlete fundi. Alikasirika, akasema watu watadhani watoto wamemtupa mama yao. Nikamjibu waseme tu. Leo siku ya tatu hapokei simu yangu, ila fundi hakuenda.

Nisamehe. Mwarobaini nisingeshindwa kuupanda mwenyewe, miche imejaa tele, lakini hicho sicho ulichoomba. Kumwita popo arudi siwezi. Ninachoweza kukuahidi ni kungoja, hata kama utaota mchongoma.

Mungu akupe kauli thabiti, Mama. Ijumaa nitakuja. Nitakusomea Yasini, nitaumwagia udongo wako maji, kisha nitakaa, mikono yangu nimeiweka mapajani.

Mwanao,
Zuhura