Mkono wa Kuanika Omena

Mjukuu wangu Akinyi,

Huku Kisumu tuko salama. Baba yako amemaliza kuezeka jiko, na kuku wako mwekundu ameangua. Maandishi yangu yamekuwa madogo, vumilia, ni huu ugonjwa wa kutetemeka, Parkinson.

Uliniuliza kama sindano za yule daktari wa tiba ya Kichina pale Mamboleo zinaniponya. Hapana, vidonge vya hospitali bado nameza. Ila nikitoka kwake shingo inalegea na usiku nalala, kwa hiyo naenda. Juzi alinichomeka mkononi zile sindano nyembamba, zikaanza kutikisika pamoja na vidole. Akasema, "Pole, Mama, jaribu kutulia." Nikacheka, kwa sababu nilimkumbuka dani, nyanya yangu wa Luanda Kotieno.

Mikono yake ilitetemeka hivi hivi. Watu walisema ni chira, kwamba alivunja mwiko, wakaacha kumsalimia kwa mkono. Mama yangu hakubishana nao. Asubuhi moja, mbele ya wanawake wote ufukweni, alimwekea dani beseni la visamaki vya omena vibichi mapajani, akamwambia, "Mama, tuanikie." Dani akachota, akatawanya juu ya wavu. Mkono ulivyotetemeka, omena zilianguka mojamoja, hakuna iliyolalia nyingine. Zetu zilirundikana. Zake zilikauka kwanza, na kesho yake jirani akamletea beseni lake pia.

Ukija Krismasi, usikimbilie kunishikia kikombe. Pitia ufukweni uniletee omena mbichi. Wavu nimeshautandika nyuma ya nyumba.

Dani yako