Nusu ya Mstari

Lalotalie, Savai'i
Ijumaa, 4 Oktoba 2019

Mpendwa Mjomba Lafaele,

Najua barua njema huanza na salamu, lakini nikianza na salamu nitapata pa kujificha, nami nimejificha miaka mitatu. Kwa hiyo nalisema jambo lenyewe kwanza. Ile jioni uliyoniomba nikusomee Maandiko, nilikusomea nusu ya mstari. Nusu ya pili niliiona, nikairuka kwa makusudi. Sijamwambia mtu yeyote. Wewe ndiye wa kwanza.

Sasa shikamoo, Mjomba. Hujambo? Kifua kimepona? Tulisikia kwamba huko Upolu mvua haijakatika, na kwamba unalala kwenye kibanda cha kukaushia kakao kwa sababu kuna joto. Mama anasema usikae na nguo mbichi. Anasema pia kwamba simu uliyonunuliwa si jiwe la kuzuia mlango. Mimi nimefurahi kwamba huipokei, maana haya nisingeweza kuyasema kwa mdomo.

Sisi hatujambo, isipokuwa Bibi. Mguu wake wa kushoto umevimba tena, na siku hizi Ropati na mimi tunamsindikiza kanisani, mmoja kila upande. Njia nzima anamwambia Ropati asimburute kama nguruwe wa harusi. Ulimi wake uko mzima. Ni mguu tu.

Shuleni niko wa pili. Wa kwanza ni yule mtoto wa mwalimu mkuu, kwa hiyo Bibi anasema mimi ndiye wa kwanza.

Mjomba, humu nitaandika hata mambo unayoyajua kuliko mimi. Usiudhike. Nimejifunza ubaya wa kuruka.

Nilikuwa na miaka tisa siku ile ya mchezo wa kirikiti. Sikuona ulipompiga Setu. Niliona tu watu wakikimbia, na gongo lako la kupigia mpira liko chini kwenye majani. Siku ya pili yake Setu akafa. Wewe ulikuwa tayari mikononi mwa polisi, kwa hiyo hukuwapo alfajiri ile Babu Mataio na wanaume wa ukoo walipokwenda kufanya ifoga, kuomba radhi kwa niaba ya ukoo mzima. Mimi nilikuwapo, nyuma ya mshelisheli, ingawa nilikatazwa. Niliwaona wamepiga magoti mbele ya nyumba ya Bibi Fuatino, mama yake Setu, na Babu yuko mbele, amefunikwa mkeka wa heshima, ule mlaini ambao mama yake Bibi aliusuka miaka miwili. Mvua ilinyesha. Hakuna aliyetoka. Jua likapanda, mvua ikarudi, bado wamepiga magoti. Karibu na adhuhuri Bibi Fuatino akatoka, akamfunua Babu, akaukunja mkeka na kuingia nao ndani. Basi, ikawa imekwisha. Ukoo wao ukatusamehe.

Lakini Babu alianza kukohoa wiki ile ile, na kabla ya Krismasi tukamzika. Nami moyoni nikasema ni wewe uliyemuua, pia. Shuleni waliniita mpwa wa gongo. Nikipita wananiuliza kama leo nimebeba la kwangu. Nilikaa na vitabu kwa sababu vitabu havikuniuliza kitu. Miaka minne uliyokuwa gerezani nilikuchukia, Mjomba. Nilikuwa nikikuandikia salamu chini ya barua za Mama, huku nakuchukia.

Ukarudi. Jumapili iliyofuata ilikuwa ya Meza ya Bwana, na Mchungaji Iakopo alikuwa ameshakwambia kwamba utapokewa. Bibi alikuwa ameshapiga pasi shati jeupe. Jumamosi jioni, baada ya sala, wengine walipokwenda kula, ukabaki nami sebuleni. Nakumbuka ulivyosema, maana ulisema polepole.

"Upu, wewe ndiye msomi wetu. Humo ndani mna neno lolote la mtu kama mimi?"

Nililijua. Mjomba, nilijua mengi. Nilijua habari za mfalme aliyetwaa mke wa mtu na kumwua mumewe, akalia, akasamehewa. Nilijua habari za mwizi msalabani. Nikafungua waraka wa Yohana, nikaweka kidole katikati ya mstari, nikakusomea kwamba muuaji hana uzima wa milele ndani yake.

Ukauliza, "Ni hilo tu?"

Nikajibu, "Ni hilo tu." Nikafunga kitabu.

Hukukasirika. Uliniambia ahsante, ukaniambia nikale kabla palusami haijapoa. Kesho yake ulikaa benchi la nyuma kabisa, upande wa dirishani, na mkate ulipoanza kupelekwa ukatoka. Ukafanya hivyo kila mwezi. Mchungaji alipokuja kukusihi, ulimjibu, "Nimeshasomewa, Mchungaji." Akafikiri unasema hukumu ya mahakama. Mama na Bibi nao walifikiri hivyo. Mimi nilikuwa ninamimina kakao, nikaimwaga yote kwenye sahani, na Bibi akaniuliza kama macho yangu yamebaki kwenye kurasa. Mwaka jana ukavuka bahari kwenda Upolu, ukasema usisubiriwe.

Haya ndiyo niliyoyaruka. Mwanzo wa mstari ule ule unasema kwamba anayemchukia ndugu yake, huyo naye ni muuaji. Ndiyo maana kidole changu kilianzia katikati, maana mwanzo ulikuwa unanitaja mimi. Na mistari mitano tu chini yake yameandikwa maneno mengine, kwamba mioyo yetu ikituhukumu, Mungu ni mkuu kuliko mioyo yetu, naye anajua yote. Mistari mitano, Mjomba. Ningeshusha jicho tu.

Mwezi uliopita nilikuwa katika darasa la wale watakaopokewa mezani kwa mara ya kwanza, tuko sita. Mchungaji alitufundisha kuhusu dhambi ambayo haisamehewi. Alisema watu wanaoogopa kwamba wameitenda humjia wakilia, na yeye huwauliza ni nani anayewaliza. Mtu ambaye Roho amemwacha halii, alisema, anakwenda kucheza karata. Wenzangu walicheka. Mimi nilikuona wewe unavyotoka kanisani umeinamisha kichwa, nikashindwa hata kuandika.

Ndipo Jumanne nikafanya jambo ambalo sikudhani nitaliweza. Nilikwenda kwa Bibi Fuatino.

Nilimkuta kwenye nyumba ya kusukia, pamoja na akina mama wengine wanne, majani ya mkadi yamewajaa mapajani. Unajua ninavyoogopa kuingia mahali penye watu. Mmoja akasema, "Sogezeni miguu, huyu hutembea akisoma, atatukanyaga." Mwingine akaniuliza kama nimekuja kuwahesabia nyuzi. Nikasimama tu. Bibi Fuatino akanitazama kidogo, kisha akawaambia wenzake kwamba anasikia kuku wao wako kwenye majimbi yao. Wakaelewa, wakaondoka wakinung'unika kwamba hawana kuku.

Nilimuuliza vibaya, maana maneno niliyokuwa nimeyakariri yote yalipotea. Nilimuuliza kama ule msamaha ulikuwa wa Babu na wale waliokuwa chini ya mkeka tu, au na wewe ambaye hukuwapo. Maana najua ndivyo unavyosema. Mama aliniambia ulisema, "Mkeka ulifunuliwa, mimi sikuwa chini yake."

Alisuka mistari miwili mitatu kabla ya kujibu.

"Siku ile nilikuwa na jiwe," akasema. "Mkono huu wa kushoto, ndani ya lavalava niliyojifunga. Hakuna anayejua. Nilitoka nimtupie yule wa mbele, na wanangu walikuwa wanasubiri nianze. Nikaona nyayo za babu yako. Nyeupe, zimeoza kwa maji. Nikasema, huyu mzee hakumpiga mtu. Aliyepiga hayupo, na huyu ndiye aliyepiga magoti. Nikashindwa. Nilimfunua kwa mkono wa kulia, jiwe liko kushoto, mpaka nikaingia nalo ndani."

Nikamuuliza kama bado anakuchukia. Akasema kuna siku. Akasema, "Sikumwambia mtu kwamba nimeacha kulia. Kilio ni changu, sikukitoa pamoja na ule mkeka." Kisha akasema siku zile zikimjia huenda kulitazama lile jiwe. Amelifanya la kushikilia mlango wa jikoni.

Nilidhani mkeka nao ameuweka sandukuni. Nilimwomba kuuona. Akacheka, Mjomba, akacheka mpaka akakohoa.

"Mkeka gani, mwanangu? Nilimpa binti yangu siku ya harusi. Wakwe zake wakautoa kwenye msiba wa mzee wao. Wale waliopewa wakaupeleka kwa mchungaji wao alipojenga kanisa. Mara ya mwisho nilisikia uko Apia, kwenye harusi ya watu hata siwajui. Mwambie mjomba wako, akitaka kurudishiwa kosa lake, kwanza akautafute mkeka ule, nyumba kwa nyumba. Mimi sina."

Kisha akanipa shelisheli mbili za kuoka, moja yangu, moja ya Bibi, akasema niseme zimetoka kwake.

Mimi si mchungaji, Mjomba, na mara ya mwisho nilipokufundisha Maandiko nilikuua. Kwa hiyo nakuandikia nilichokifikiri njiani tu. Tangu utotoni tunaambiwa kwamba mmoja asiye na kosa alipiga magoti mahali petu. Nimeyasema maneno hayo kila Jumapili ya Watoto nikiwa na taji la maua, nayo yalikuwa maneno tu. Nilidhani sijaona nyayo. Lakini niliziona. Nilikuwa nyuma ya mshelisheli. Babu hakuwa chini ya mkeka ule kwa ajili yake mwenyewe. Kama ungekuwapo wewe, jiwe lingerushwa.

Pamoja na barua hii nakuletea Biblia ile ile. Mama ameruhusu, ingawa hajajua sababu. Nimeweka utepe wa jani la mkadi kwenye ukurasa. Usinisikilize mimi tena. Soma mwenyewe kwa kidole, hata kama itakuchukua jioni nzima, na uanzie juu ya mstari, ushuke mpaka chini ya ukurasa.

Sikuombi unisamehe upesi. Nakuomba ujue kwamba aliyesomewa si wewe peke yako. Nusu ile ilikuwa yako, na nusu niliyoiruka ilikuwa yangu, na ile mistari mitano chini nadhani ni yetu sote wawili.

Mama anakusalimu sana. Ropati anakusalimu na anauliza kama kweli huko kuna popo wakubwa kama mbwa. Bibi anakusalimu kuliko wote. Nisalimie Mzee Tuiasau mwenye shamba na mkewe, waambie tunawashukuru kwa kukutunza. Mungu akufunike kwa mkono ule ule anaofunulia.

Ni mimi mpwa wako, ninayekupenda sasa bila kuruka,
Uputaua

Jumapili, 6 Oktoba, baada ya chakula

Mjomba, bahasha niliiacha wazi, kwa hiyo naongeza.

Jana nilimsomea Bibi barua hii yote, na Mama akasikia kutoka jikoni. Mama alitoka nje, hajasema nami mpaka sasa, ila jioni aliniwekea chakula. Bibi alitaka nirudie pale kwenye jiwe. Nikarudia. Akafuta miwani kwa pindo la nguo. Nikamwambia kwamba kesho sitakwenda mezani na wenzangu, ingawa nguo yangu nyeupe imeshashonwa na kofia imeshalipiwa. Nilitaka wewe ujue kwanza. Nilidhani atanigombeza kwa ajili ya kofia. Alisema, "Basi itasubiri. Nguo nyeupe haiozi." Halafu akanituma kukuna nazi.

Nilikwenda kwa Mchungaji pia, nikamweleza mlangoni, sikuweza kuingia. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakukemea. Aliniuliza kitu kimoja tu, kama barua imeshaondoka. Nikasema bado. Akasema Jumapili ya kwanza ya Novemba ataandaa vipande viwili zaidi vya mkate, chako na changu, na kwamba mimi nisiandike hilo kama sharti. Kwa hiyo sikuandikii kama sharti.

Leo kanisani wenzangu watano walikwenda mbele. Watu waligeuka kunitafuta. Nilikuwa nimeshamketisha Bibi mahali pake, nikaenda nyuma mpaka kwenye benchi lako. Sikujua kwamba pale humsikii Mchungaji vizuri kwa sababu ya majani ya mshelisheli, na kwamba dirishani unamwona nguruwe wake akijikuna kwenye ukuta. Mkate ulipoanza kupelekwa sikutoka. Nilikaa upande wa njia, na upande wa dirishani nikauacha wazi.