Usimguse Yule Askari, Kaka

Kaka Magesa,

Sijui wiki hii unalala wapi. Juzi dereva wa lori la pamba alituambia amekuona Bunda, pale Nyasura, unaulizia nyumba ya yule askari magereza, Mjita mwenzetu. Tangu hapo baba hali chakula. Barua hii nimeiacha wazi, nampa nakala kila anayekwenda huko, atakayekuona akusomee. Sina aibu tena.

Wewe ndiwe uliyenipeleka shule. Masika ulikuwaga unanibeba mgongoni tukivuka mbuga ya Bugwema, unaniambia, "Soma bwana, mimi imenipita." Hata siku mgambo walipobomoa nyumba yetu tuhamie kijiji cha ujamaa, ulitoa kwanza madaftari yangu, ndipo ukampiga mmoja wao, wakakufunga.

Unakumbuka nilipokuja na mama kukutazama? Amri ilikuwa kuongea Kiswahili, askari wasikie, na mama hakukijua. Alipoona ulivyokonda akalipuka kwa Kijita, nawe ukamjibu. Yule askari aliinamisha macho tu. Alielewa kila neno, Magesa, na hakusema kitu. Mwenzake, asiyejua Kijita, ndiye aliyenipeleka ofisini.

Mkuu wa gereza aliniuliza kwa upole, upole ule wa kutisha: "Mama amesema nini, binti?"

Ningejibu anamsalimu tu, basi! Lakini nilikuwa darasa la sita. Nikasimama wima kama mbele ya mwalimu, nikatafsiri yote: "Amesema, toka humu mwanangu, hata kwa kuruka ukuta, uje kabla sijafa."

"Na kaka yako?"

"Amesema atakuja."

Akaandika. "Unajua Kiswahili vizuri," akasema. Na mimi, mjinga mimi, nikafurahi.

Kesho yake wakakusomea shtaka la kupanga kutoroka, wakafuta siku zote za msamaha wako, ukatakiwa umalize kifungo chote. Mama alijitahidi kuzingoja zile siku, zikamshinda. Ulipotoka, kaburi lilikuwa limeshaota majani. Ukaniuliza, "Nani aliwaambia?" Nikayaogopa macho yako, kaka. Nikamtaja yule askari, kwa kuwa ni Mjita, ungeamini.

Hakusema yeye. Nilisema mimi. Mwache huyo baba wa watu na wanawe. Kama ni lazima mtu apigwe, mimi nipo hapa hapa kwa baba, sitakimbia.

Mdogo wako wa tumbo moja