Kibanda cha Mwaka

Makunduchi, Unguja
25 Mfunguo Tisa, 1324

Mpendwa mdogo wangu Kificho,

Salamu zangu zitangulie mlangoni kwako kabla ya maneno. Shikamoo yako imenifika, marahaba. Hujambo? Mguu umepoa? Mkeo Sichana na mimba yake wazima? Sisi huku hatujambo, ila mie jino lanisumbua, na wa kumlalamikia sina, basi nakutwisha wewe.

Mhogo mwaka huu umekubali. Mbuzi wako amezaa pacha, na usiniulize nimempa nani maziwa.

Sasa la Usi, ambalo najua ndilo ulilolikimbilia ukayaruka yote ya juu.

Tangu ndugu yetu arudi vitani bara hajalala ndani ya nyumba. Huingia akala, akazungumza, hata akacheka, lakini usingizi ukimjia hubeba jamvi lake akalala uani. Mvua ikinyesha hujikunyata ukutani. Makuti yakichakarika kwa upepo hushtuka akasimama, jasho linamtoka. Waliosema ana pepo tuliwasikiliza: tukafukiza ubani, tukamsomea, tukampunga. Pepo hakutaja jina wala hakudai kitu. Mzee Hasan, baba yake Kazija, akachoka. Alisema hakumwoza mwanawe ili alale peke yake kama mjane, na sikukuu ya Mwaka ikipita hali ni ile ile, atakuja kumchukua.

Ndipo wazee wetu wakaona wamtie moyo Usi. Wakampa heshima ya kukiwasha kile kibanda cha makuti kinachochomwa siku ya Mwaka, wakisema aliyezoea bunduki hatashindwa na kijinga cha moto. Mie nilifurahi kupita kiasi. Kazija alijitia wanja kama bibi harusi.

Siku yenyewe ya Mwaka ilikuwa njema. Wanaume walichapana kimchezo kwa migomba mpaka vumbi likatuziba pua, nasi wanawake tukawaimbia yasiyoandikika. Kisha Mkubwa, yule jirani yetu mfua nazi, akaingia kibandani kama ilivyo ada, ili moto ukishika atokee nyuma. Usi akapewa kijinga.

Hakuwasha, ndugu yangu. Alikitupa mchangani, akakikanyaga kwa mguu mtupu, akaingia mbio akamtoa Mkubwa amembeba begani. Mkubwa anacheka, na watu wanacheka, wakidhani ni mchezo. Usi akamweka chini, akampapasa uso na mikono kama mama aliyeokota mtoto aliyeanguka. Akasema, "Mule mna mtu. Niliwaambia mna mtu, wakaniambia washa."

Kicheko kilikatika. Mwengine akakiwasha kibanda kitupu, maana Mwaka haukosi moto wake, lakini Kazija alikwisha kumshika mumewe mkono na kumrudisha nyumbani.

Huko ndiko alikomweleza mkewe, naye akanieleza mie kwa ruhusa yake. Kule bara waliamrishwa kuchoma nyumba. Moja alisikia sauti ndani yake, akasema, akaamrishwa tena, akawasha. Hakutoka mtu. Nililia, Kificho, na sasa nikiandika nalia. Na sisi tulimpa kijinga tukimpigia vigelegele!

Kwa hiyo ile kazi ya ulinzi uliyomtafutia Mombasa, ahsante sana, lakini mwambie tajiri wako atafute mwengine. Bunduki hashiki tena. Huku analima, na unyayo wake ulioungua unapona.

Mzee Hasan alikuja kweli, na punda wa kubebea vyombo vya mwanawe. Kazija akampikia wali kwa mchuzi wa pweza, akamwacha ale ashibe. Mie nilikuwa nimekaa roho mkononi. Aliponawa, Kazija akamwambia, "Baba, silali peke yangu tena. Jamvi langu liko uani, ubavuni mwake."

Mzee alitazama ua, akatazama mbingu. Akamwuliza mwanawe, na mvua je? Kazija akasema wataloa. Mzee akaondoka na punda wake mtupu, na hajarudi.

Nisalimie Sichana, Bi Biasha na watoto wake, na kila anayeniulizia. Kazija na Usi wanakusalimu. Mungu akupe riziki isiyokutoa jasho la hofu, na mkeo amjaalie kujifungua salama.

Vuli inakaribia. Ukipata tanga kuukuu huko bandarini tuletee, lakini liwe pana, la kufunika watu wawili.

Dada yako akupendaye,
Mwanaasha