Kopo Lako la Pale Konani

Mume wangu, Baba Devota,

Najua huko uliko husomi barua, maana hata hapa ulikuwa unasubiri nikusomee mimi. Basi tulia, nakusomea. Jana nimerudi kutoka mjini kwa Devota, na huko nimekutana na kopo lako. Limesoma, limependeza, limepandishwa juu ya mlingoti, lakini nimelitambua.

Unaikumbuka ile miaka ya wakimbizi? Barabara yetu ya kwenda kambini Benaco, ambayo kuku walikuwa wanajilalia katikati yake, ikajaa malori ya chakula kutwa nzima. Pale konani kwetu dereva haoni mtu na mtu haoni lori, na Devota wetu alikuwa anapita hapo kwenda shule. Nilikuwa siwezi hata kumenya ndizi mpaka arudi. Wewe, fundi baiskeli, hukunipa hata pole. Ukaanza tu kukusanya vyuma chakavu mpaka vikafika kitandani.

Ukafukia ubao barabarani kule juu ya kona, chini yake springi za viti vya baiskeli, ngumu kiasi kwamba mtu na baiskeli yake hawaubonyezi. Lori likiukanyaga, waya za breki ulizounganisha zinavutwa, na huku chini kopo la mafuta ya msaada lenye kokoto linapiga kelele. Ukazunguka kijijini na kambini ukifundisha: "Mkisikia kopo, msitazame. Rukeni mtaroni kwanza." Watu wakacheka, kisha wakaruka.

Na wewe ukaruka. Jamani, siku ile! Mama yangu alikuwa anakuja kutoka Mabawe na kikapu cha maharage kichwani, wewe unatoka sokoni na baiskeli. Kopo likalia. Fundi mwenyewe hukutazama, na mama naye hakutazama. Mkakutana mtaroni, wewe umemwangukia miguuni. Na kwetu enzi zile mkwe na mama mkwe hata njia moja hawapiti. Wakionana kwa mbali, mmoja anaingia migombani.

Lori likapita, lakini hakuna aliyetoka. Nilipofika nilimkuta mama amejifunika kitenge usoni, wewe umefumba macho, maharage yamekujaa kichwani. Ukaona bora uamkie. Ukasema shikamoo kwa Kiswahili, lugha ya ofisini, kana kwamba mwiko wetu wa Kihangaza haujui Kiswahili. Mama hakuitikia. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini, na wewe ukaninunia mpaka Jumapili.

Ila wazee hawakucheka. Walikaa kikao wakasema kopo ling'olewe, linavunja heshima. Nililia, maana nilimfikiria Devota akipita pale bila kopo. Ndipo mama, aliyekuwa amekaa nyuma ya mlango asikuone, akapaza sauti: "Kwanza mwambieni mkwe wangu marahaba. Halafu kopo libaki. Nimeaibika, lakini nimerudi nyumbani na miguu yangu yote miwili."

Nani angembishia? Kopo likabaki mpaka malori yalipoisha, na Devota akamaliza shule.

Sasa sikia. Mjini wameweka mlingoti wenye kijicho cha umeme kando ya barabara. Kinamwona mtu wa miguu na mtu wa baiskeli, kinayawashia magari taa nyekundu. Mume wa Devota alinieleza hayo yote, kisha bila hata kufikiri akanishika mkono tuvuke. Mkwe wangu, mbele za watu! Nilitafuta mtaro niruke, mtaro wenyewe hakuna. Nikamkumbuka mama. Nikakukumbuka na maharage yako kichwani. Nikasimama katikati ya barabara nikacheka, na kicheko kikageuka kilio. Nina hamu na wewe, mzee wangu, basi tu.

Madereva wakaanza kupiga honi. Nikamwuliza mkwe kama taa haitabadilika tukiwa bado pale.

"Haibadiliki, mama," akasema. "Kinakuona bado upo. Wewe lia tu, kitakusubiri."

Pumzika, fundi wangu. Kazi yako wameishika wengine.

Mkeo,
Mama Devota