Robo Saa Yangu Mbele ya Wazee

Moroni, 9 Februari 1986

Kwa dada yangu mpenzi Batoul,

Assalaam alaykum. Shikamoo, dada, tena shikamoo ya magoti chini, maana kwa habari nilizo nazo ile ya kusimama haitoshi. Naomba ikukute mzima, na goti lako liwe limekubali kupanda ngazi bila manung'uniko. Sisi huku hatujambo. Mke wangu Nafissa anakusalimu sana na anashukuru kwa karafuu ulizotuma, ingawa anasema kutuma karafuu Komoro ni kama kumzawadia mvuvi samaki. Nilimkataza asiandike hivyo, kwa hiyo nimeandika mimi. Kuhusu afya yangu, tumbo sasa linanitangulia kila niendako, na uzi siuoni tunduni mpaka niuelekeze mlangoni. Vinginevyo cherehani inazunguka, na mimi pamoja nayo.

Barua hii naitia mkononi mwa Bi Moina, muuza vitambaa wa soko la Volo Volo, anayekuja Unguja kununua kanga. Posta siiamini kwa mambo haya. Ukishaisoma utajua kwa nini.

Katika barua yako ya mwisho umeuliza, kwa wino mwekundu kana kwamba unasahihisha daftari langu, kwa nini mwanao Zoubeir haandiki, na kama ameshaanza ile kazi ya bandarini aliyokutajia. Uliwahi kuuliza kabla ya hapo, nikakujibu habari za mvua. Leo nitajibu ulichouliza. Ila niache nianze mbali kidogo. Fundi hakati kitambaa kabla hajakipapasa.

Ulipomleta kwangu miaka mitatu iliyopita ulinambia apate ufundi, asipate upuuzi. Marehemu baba yake alikuwa fundi wa winchi bandarini Malindi, nawe ulitaka mtoto ashike spana kama babake. Basi upuuzi ulimpata kwanza. Mwezi wa kwanza alicheza mpira na vijana wa mtaa, mwezi wa pili nikawa namshonea jezi namba tisa. Sikukueleza anavyocheza kwa kuogopa utasema namharibu. Dada, anacheza kama mtu aliyekwisha ambiwa mahali mpira utakapoangukia. Wenzake wanakimbilia ulipo, yeye anatembea kwenda utakapokuwa. Hata mimi, ambaye nilikuwa nikienda uwanjani kuangalia kama mishono imeshika, nikaanza kusahau mishono.

Mwaka jana timu yetu ilikwenda Mutsamudu kucheza na timu ya watu wa bandari. Zoubeir akawafunga matatu, kwao, mbele ya mama zao. Wiki mbili baadaye kiongozi wao, Saïndou, msimamizi wa makuli, alivuka bahari akaja Moroni na neno lake. Alitaka apewe Zoubeir, naye atupe kipa wao Mroivili, mmoja wa wale waliorudishwa kutoka Majunga, Madagaska, mwaka sabini na saba, mtu mwenye mikono mirefu kama makasia. Tena alisema kijana atawekwa chini ya fundi mkuu wa mitambo katika bandari mpya, ajifunze winchi kuanzia msumari wa kwanza, na baada ya miaka miwili awe na cheti chake.

Ni lazima ujue kwamba kipa wetu ni Bacar, mwoka mikate, ambaye hudaka mikate ya moto kwa mikono mitupu lakini mpira anaukwepa kama deni. Kwa hiyo mtaa uligawanyika. Pale Volo Volo wanawake waliacha kupatana bei ya ndizi wakapatana bei ya Zoubeir. Mmoja akasema mti unaozaa haung'olewi. Mwenzake akamjibu kuwa kwa Bacar yule golini, mti huo uzae manne ndipo tushinde kwa moja. Bacar alikuwa akipita na kapu lake. Akasema kama hawamtaki basi na mkate wasile.

Huko kwenu nasikia mchezaji anasainishwa karatasi. Sisi karatasi hatuna, lakini tuna mila. Unakumbuka ya marehemu mama: huku kisiwani Ngazidja nyumba ni ya mke, na mwanamume akioa huhamia kwa mkewe, akawa mtu wa mtaa ule. Mzee Youssouf, ambaye timu yote ni kama kuku wa uani kwake, ndiye aliyepata wazo. Akasema tumwozeshe kijana binti yake Kamaria. Akishakuwa na nyumba Moroni, Mutsamudu wamwitie nini? Na kwa kuwa baba yake Zoubeir hayupo duniani, neno la kumfunga lilikuwa la mjomba wake. Yaani fundi cherehani huyu unayemjua.

Ijumaa, baada ya sala ya alasiri, wazee walikaa katika uwanja wao wa mikutano, jambo likasemwa, Fatiha ikasomwa, uchumba ukafungwa. Zoubeir alikuwa mazoezini. Kamaria alikuwa kwenye gari la kurudi kutoka chuoni Mvouni, anakosomea ualimu, na habari za posa yake alizipata kwa dereva. Nilikutana naye kesho yake, akaniamkia kwa adabu zote, kisha akasema siku zote alijua baba yake anapenda mpira, ila hakujua kuwa yeye ndiye wavu. Nilicheka. Sikupaswa kucheka.

Zoubeir hakucheka wala hakugomba. Alikuja nyumbani, akaniamkia shikamoo kama ulivyomfundisha, akaketi kwenye kiti cha wateja akaniangalia ninavyopinda pindo. Akauliza kama ni kweli. Nikasema ni kweli. Akauliza kama nilisema aliyoniomba niseme. Nikamwambia mambo ya wazee yana njia zake, na nikaukanyaga mguu wa cherehani ili sauti ya mashine inisaidie. Akasubiri mpaka pindo likaisha. Mimi nikaanza pindo jingine.

Saïndou alirudi kwao bila mtu. Zoubeir alituchezea mechi mbili kama aliyebebeshwa gunia. Halafu asubuhi moja akakunja jezi namba tisa, akaiweka juu ya cherehani yangu, akatoka.

Sasa dada, keti kama umesimama. Unajua tangu mwaka sabini na nane tuna hawa mamluki wa Kizungu wanaomlinda rais, na jinsi tunavyoishi nao: gari lao likipita, anayesema anamalizia sentensi yake kimoyomoyo. Nao wanapenda mpira, na kambini wana timu. Mwanao alikwenda kambini kwao akajiandikisha askari. Miaka mitano. Aliyejiandikisha hulala kambini, na hakuna mzee wala mjomba awezaye kumwita kwenye harusi. Alitafuta mlango pekee Moroni ambao mila yetu haiwezi kuubisha, akaupata.

Uchumba ukafunguliwa kwa aibu. Kamaria peke yake ndiye aliyefurahi, ingawa alisema mtu akipewa mke na bunduki akachagua bunduki, ni haki ya msichana kuuliza yeye alisemwa nini. Yuko Mvouni anaendelea na masomo, na hamchukii Zoubeir. Anaponiona mimi ndipo anapovuta mtandio wake.

Siku nyingine Bacar alisimamishwa barabarani na kapu lake la mikate. Aliyemtaka kitambulisho alikuwa Zoubeir, na nyuma yake Mzungu anaangalia. Wamecheza pamoja miaka miwili, Bacar amemlisha mikate ya bure isiyo na hesabu. Bacar anasema aliitoa karatasi, Zoubeir akaisoma yote, jina mpaka muhuri, kisha akamrudishia bila kumtazama. Bacar alinisimulia haya bila mzaha hata mmoja, na ni mtu ambaye hata msibani hutania.

Mwezi uliopita kambi ilicheza na sisi. Alitufunga mawili, na hakushangilia hata moja. Mwisho wa mchezo akapita kwenye mstari wa mbele kuwaamkia wazee, nami nilikuwa nimeketi hapo, nitakwambia kwa nini. Huku kijana humwamkia mzee yeyote wa mji kwa kusema kwezi, na mzee huitikia mbona. Lakini baina yangu na Zoubeir, tangu siku aliposhuka melini, imekuwa shikamoo na marahaba, lugha ya nyumbani kwako. Aliinamia kila mzee. Alipofika kwangu, akainama vilevile, akasema kwezi. Nami nikaitikia mbona, maana mdomo umezoea. Mzee Youssouf akaninong'oneza kuwa kijana yule, pamoja na yote, ana adabu. Jezi ya kambi ilikuwa imefumuka begani. Nikawa natazama mshono.

Sasa nikwambie jambo ambalo hata Nafissa alilisikia Ijumaa iliyopita tu.

Mchana wa siku ile ya mkutano, tukila, Zoubeir aliniomba kitu kimoja. Alisema wazee wakiniuliza, niwaambie kuwa anataka kwenda Mutsamudu. Alisema mpira anaupenda, lakini miguu huzeeka kabla ya mikono, na anataka kuwa fundi kama babake. Nikamwahidi. Tena nilimmegea kipande kikubwa cha samaki ili ahadi ikae vizuri.

Wewe uliondoka hapa mdogo, labda umesahau hadhi yangu. Mimi ni mtu wa miaka hamsini na moja ambaye hakufanya ndoa kubwa, ile ya kulisha mji mzima, kwa hiyo katika uwanja wa wazee ni mtoto wa mji. Vijana wa miaka thelathini waliokwisha lisha mji hukaa mbele. Mimi na mvi zangu hukaa nyuma, na kwenye karamu nagawa maji ya kunawa. Kwa miaka kumi na saba nimegawa maji vizuri. Siku ile Mzee Youssouf alisema tumsikilize mjomba wa kijana, watu wakanipisha, nikaletwa mbele, akanishika mkono akanikalisha ubavuni mwake. Nyuso zote zikanigeukia. Haijawahi kutokea.

Nikasimama, na neno la Zoubeir lilikuwa ulimini. Nikaona kwamba nikilisema, ni sentensi moja, nami nitarudi nyuma kwenye birika langu. Lakini nikikubaliana nao, naweza kusema kwa muda. Basi nikasema. Nilisema robo saa, dada. Nilitia aya, nilitia methali, nilimtaja marehemu baba. Na mwisho, ili nipigiwe takbiri, nikasema kijana mwenyewe amenituma niseme kwamba anataka kubaki. Wakapiga takbiri. Kuanzia siku hiyo nikaachiwa kiti mstari wa mbele, hata kwenye mpira.

Hivyo ndivyo nilivyomuuza mwanao. Si kwa kipa, si kwa ushindi wa mtaa. Kwa robo saa ya kusema.

Nilikwenda Mutsamudu kumwomba Saïndou aiweke ile nafasi. Alinipokea vizuri, akanionyesha winchi mpya inavyoinua shehena. Aliyekuwa juu yake akifundishwa alikuwa kijana mwingine. Saïndou akasema winchi haingoji harusi za watu wa Moroni. Ila Zoubeir akitoka salama, na mikono yake miwili, nimlete kwake, ataona. Miaka mitano ni mingi, lakini nimelishika neno hilo.

Na Ijumaa iliyopita nilisimama katika uwanja wa wazee bila kuitwa, nikawaambia kwamba nilisema uongo. Sentensi moja. Mzee Youssouf akasema watoto wa mji hawana ruhusa ya kusema mbele ya wazee. Nimerudi nyuma kwenye birika. Maji nayagawa kama zamani, hakuna aliyelalamika.

Sikuombi unisamehe upesi. Nikasirikie kwa raha yako, una haki. Naomba umwandikie yeye. Barua zangu kambini zinarudi hazijafunguliwa, lakini mwandiko wako hataurudisha. Usimtume anisamehe. Mwambie tu kwamba Saïndou amesema atamwona, na kwamba mjomba wake amewaambia wazee alichotumwa, ingawa amechelewa miezi sita.

Nisalimie majirani wote, na Bi Chamsia wa nyumba ya pili, mwambie gauni lake la Idi linakuja kwa mkono huu huu na nimeliachia kiunoni, kwa heshima. Nafissa anasema usisahau dawa ya goti.

Jezi namba tisa ninayo, nimeifua. Na lile jibu la shikamoo aliloacha kunidai ninalo pia. Kila gari la kambi likipunguza mwendo mbele ya duka langu, naacha kukanyaga cherehani, ili akisema nisikie, nami nimwambie marahaba.

Ni mimi mdogo wako,
Soidri, fundi cherehani